Vidole Vyeupe

Mara ya kwanza vidole vyangu vilipobadilika rangi ilikuwa asubuhi ya Jumanne, tarehe 19 Juni 2018, nikiosha kahawa. Tarehe ninazishika. Nilichelewa kuingia darasani, na mtu aliyejifunza kuandika tarehe akiwa tayari ana watoto wanne hawezi kuziona tarehe kuwa jambo la bure.

Juni katika milima ya Mbinga ni mwezi wa baridi na ni mwezi wa kahawa. Punje zilizokwisha kumenywa hulala ndani ya maji mpaka utelezi wake uachie, kisha asubuhi mtu huziosha kwa maji ya mfereji yanayoshuka kutoka mlimani. Maji hayo huuma. Tangu mume wangu alipofariki, tarehe 9 Machi 2016, kazi hiyo niliifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Ningeweza kumpa kibarua, lakini sikutaka. Kahawa yangu ilisifiwa kwa usafi, nami nilipenda kusikia watu wakisema kwamba mjane yule hana mwanamume shambani, lakini kahawa yake inazishinda za wenye wanaume.

Asubuhi ile nilipoitoa mikono majini, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe. Sisemi weupe wa ngozi iliyopauka kwa kukosa mafuta. Vilikuwa kama nta ya mshumaa, na weupe huo ulikomea kwenye pingili ya pili kana kwamba mtu ameuchora kwa rula. Nilivibonyeza, sikusikia kitu. Nilikiuma cha kati. Alama ya meno niliiona, maumivu sikuyapata. Baada ya muda vikageuka rangi, vikawa kama vimevilia damu, kisha damu yenyewe ikarudi kwa kuchoma na kupwita mpaka nikaketi kwenye majani yenye umande. Halafu vikawa vidole tena. Niliendelea kuosha.

Kama ningekuwa sikusoma, pengine ningemwambia jirani. Lakini nilikuwa nimesoma. Katika darasa letu la watu wazima, lililokutana alasiri kwenye madawati ya watoto, mwalimu alitufundisha siku moja dalili za ukoma: baka lililopauka lisilo na hisia, vidole kufa ganzi, mgonjwa kuungua bila kujua. Nilizikariri zote. Alipouliza wiki iliyofuata, mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wangu, na wanaume wawili waliokuwa wakinicheka kwa umri wangu wakanyamaza. Sasa elimu ile ile iliyonipa sifa ilinirudia kama hukumu. Nilijipima mwenyewe kwa yale niliyojifunza, nikajiona nimepata yote.

Mwalimu alikuwa ametufundisha pia kwamba ukoma unatibika, na kwamba dawa yake hutolewa bure. Hilo nalo nililijua. Lakini nyuma ya somo la mwalimu kulikuwa na jambo la zamani zaidi. Nilipokuwa msichana, alikuwapo mama mmoja wa ukoo wetu ambaye sahani yake ilitundikwa nje ya jiko, kwenye msumari wake. Hakuna aliyemtukana. Alisalimiwa vizuri, aliulizwa hali, kisha chakula chake kikapakuliwa pembeni. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuipeleka sahani ile, nikiishika kwa ncha za vidole. Mtu anayeugua hana kosa, na kuugua si aibu. Hayo ningeweza kuyasema mbele ya darasa zima. Bado niliona aibu, na kuona aibu kwa jambo nililojua kuwa si aibu kulinifedhehesha mara ya pili.

Kwa hiyo nilificha. Wakati wa Misa, padri aliposema tupeane amani, niliiacha mikono yangu ndani ya kitenge nikainamisha kichwa kulia na kushoto. Kanisa letu asubuhi za Juni na Julai ni baridi kama kisima, na nilikuwa ninajua bila kutazama kwamba vidole vimekwisha kuwa vyeupe. Siku moja, tukitoka, nilimsikia mama mmoja wa jumuiya yetu akimwambia mwenzake nyuma yangu, "Huyu siku hizi anatoa amani kwa kichwa. Mkono tumekuwa hatuustahili."

Mwenzake akacheka. "Amesoma, dada. Mwache."

Sikugeuka. Nilitembea nimenyoosha shingo ili waendelee kuamini hivyo. Heri waniite mwenye maringo.

Vidole vya miguu vilifuata mwaka uliofuata, viwili vya mguu wa kushoto. Nikaanza kuvaa soksi na viatu vya kufunika hata nikienda shamba. Miezi ya joto nilikuwa mzima kabisa, na kila Novemba nilijiambia kwamba yamekwisha. Kila Juni yalirudi.

Mwaka 2022 binti yangu mdogo, aliyeolewa Mbamba Bay, alijifungua mtoto wake wa kwanza siku ya Jumapili, tarehe 3 Julai. Mama wa mzazi ndiye anayekwenda kumkanda kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto. Binti angekandwa na nani, nami nipo? Lakini wiki moja kabla ya hapo, asubuhi yenye ukungu, nilikuwa nimeipeleka mikono juu ya jiko la mkaa ili vidole vizinduke. Harufu ndiyo iliyonishtua. Niliangalia chini nikaona kidole cha kati kimegusa kaa, na ngozi ya ncha imejikunja. Sikuwa nimesikia chochote. Mgonjwa huungua bila kujua: maneno ya mwalimu, kwa mwandiko wake wa chaki, yalikuwa mbele ya macho yangu.

Nilikifunga kidole kwa kitambaa, nikapanda gari la Noah lililoshuka ziwani. Kwa walioniuliza nilisema nimejikata kwa kisu.

Mbamba Bay ilinipokea kwa joto lake. Siku za kwanza vidole havikugeuka hata mara moja, na juu ya mvuke wa maji ya kumkandia mzazi vilikuwa laini na vyekundu kama vya msichana. Mama wa mkwe wangu, yaani mama mzazi wa mume wa binti yangu, ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu. Alikuwa mjane kama mimi, Mnyasa wa kando ya maji, mnene, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali, na alifanya biashara ya samaki. Tuliitana mkwe. Soksi zangu zilimfurahisha sana.

"Mkwe, mchangani na soksi?" aliniuliza mbele ya wateja wake. "Unakwenda kanisani au unaogopa mchanga wetu utaiba vidole?"

"Ni mazoea ya kwetu milimani," nilijibu.

"Basi huko kwenu mnalala na viatu."

Nilicheka pamoja nao. Nilimwogesha mjukuu wangu kila siku kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikiuepusha na maji kwa ajili ya kidonda. Nilimlaza kifuani. Nilianza kuamini kwamba ugonjwa ule ni wa kule juu, kwamba milima imenitupa na ziwa limeniokota, na kwamba nikihamia huku hakuna atakayejua.

Jumamosi, tarehe 16 Julai, mchana wa jua kali, mkwe alikuwa na wateja wengi akaniomba nimtolee mbasa wanne kutoka kwenye deli la barafu. Nilifungua, na kwa haraka nikaingiza mikono yote miwili, hata ule wenye kidonda. Samaki walikuwa wamezama chini na barafu iliyosagwa ilinifika kwenye viwiko. Niliwatafuta, nikawatoa, nikampa. Wakati huo huo mtoto akalia ndani. Nilikimbia kumchukua kama bibi yeyote, nikatoka naye kibarazani nikimbembeleza.

Mkwe alinyamaza katikati ya bei. Niliyafuata macho yake. Mikono yangu ilikuwa juu ya shali ya bluu ya mtoto, na vidole saba vilikuwa vyeupe, kwenye jua lile, huku jasho linanitoka usoni. Kitambaa cha kidonda kilikuwa kimechomoka barafuni na ncha ya kidole ilikuwa wazi.

Aliwaacha wateja. Alifuta mikono yake kwenye kanga, akaja taratibu.

"Mkwe," alisema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, ndogo, "nipe mtoto."

Nilimpa.

Jioni hiyo sinia halikuja. Tulikuwa tumezoea kula pamoja, mimi, yeye na binti yangu. Jioni hiyo nililetewa ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye sahani yangu, chumbani, na nikaambiwa nimechoka, nipumzike. Nilikula. Nilikula chote, kwa sababu kurudisha chakula kungekuwa kusema jambo.

Asubuhi mkwe alikuja akakaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Mkwe, mimi kusema pembeni sijui. Ni ukoma?"

Miaka minne neno lile lilikuwa halijatoka mdomoni mwa mtu mbele yangu, hata mdomoni mwangu.

"Sijui," nilisema.

"Yameanza lini?"

"Tarehe 19 Juni 2018."

"Eti!" Alipiga makofi mara moja. "Tarehe unaijua, ugonjwa huujui?"

 Akaniangalia, uso wake ukabadilika, na nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba amefika pale ambapo sikutaka mtu afike.

"Wewe ulidhani ni ukoma," alisema. "Ulidhani hivyo, na ukambeba."

Ndiyo. Nilidhani hivyo na nikambeba, siku zote zile, nikamlaza kifuani, kwa sababu kusema kungenivunjia heshima. Nimewahi kutungiwa majina mengi tangu niwe mjane, na yote niliyajibu. Hilo sikulijibu. Nilitazama miguu yangu ndani ya soksi.

"Tutakwenda hospitali," mkwe alisema, akasimama. "Tutakwenda wote. Ukiachwa peke yako utamwambia daktari umejikata kwa kisu."

Tulikwenda Mbinga Jumatatu, tarehe 25 Julai, baada ya binti kupata ndugu wa kumsaidia. Kadiri gari lilivyopanda ndivyo baridi ilivyoongezeka, na kioo cha upande wangu hakikufungika. Tulipoingia kwa daktari, vidole vilikuwa vimekwisha kugeuka. Daktari alikuwa binti, umri wa wanangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nini kinakusumbua?"

"Ninasikia ganzi kidogo," nilisema, mikono ikiwa ndani ya kitenge.

"Ganzi kidogo!" mkwe alidakia. "Mwanangu, mwambie akuonyeshe rangi. Mikono ameificha kama ameiba."

Nikaitoa. Daktari hakurudi nyuma. Hilo nililitazama kwa makini kuliko kitu chochote, kama atarudi nyuma. Alivishika vidole vyangu vyeupe katika viganja vyake vya moto, akavishikilia, akaangalia saa, akangoja. Vilipita kwenye rangi ya kuvilia, vikawa vyekundu, nami nikauma meno. Ndipo aliponiambia nifumbe macho, akawa ananigusa kwa kipande cha pamba, hapa na pale, nami niseme ananigusa wapi. Nilisema kila mahali.

"Mama, huu si ukoma," alisema. "Ganzi ya ukoma haiji asubuhi ikaondoka mchana. Yako imeondoka mbele yetu sote."

Alituchorea mkono kwenye karatasi, na ndani yake mishipa, mikubwa kwa mistari minene, midogo kwa mistari myembamba kama nywele. Alisema kwamba mtu yeyote akishika kitu cha baridi, mishipa midogo ya vidole hujikaza kidogo ili joto lisipotee mwilini. Yangu inajikaza kupita kiasi, inafunga kabisa, damu haifiki, na ndiyo sababu kidole kinakuwa cheupe na hakisikii. Ikifunguka, damu hurudi kwa kishindo, na ndiyo maana inachoma. Barafu inaweza kuifunga hata kwenye jua la ziwani, maji ya mfereji yanaweza, na hata hofu au mshtuko. Ugonjwa huo una jina la daktari mmoja wa Kifaransa wa zamani. Aliliandika, nami nikajifunza kuliandika.

"Unaambukiza?" mkwe aliuliza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti.

"Hauambukizi hata kidogo. Mnaweza kula sahani moja na kulala kitanda kimoja."

"Kula tutakula," mkwe alisema. "Kulala sitaki, anakoroma."

Daktari alicheka, lakini aliendelea kuandika. Alisema kwamba kwa kuwa mimi nilianza nikiwa mtu mzima na nina kidonda, hawezi kuishia hapo; wakati mwingine ugonjwa huu hutembea na ugonjwa mwingine uliojificha, kwa hiyo damu yangu lazima ipimwe, na nirudi hata kama majibu ni mazuri. Kidonda kilisafishwa na kufungwa. Alinikataza kabisa kupeleka vidole vilivyokufa ganzi kwenye moto au maji ya moto, kwa kuwa haviwezi kuniambia vinapoungua. Niviweke kwapani, au kwenye maji ya vuguvugu. Nivae glovu na soksi, na mwili wote upate joto, kwani kifua kikishika baridi vidole ndivyo hulipa.

"Unavuta sigara?"

"Sivuti," nilisema. "Sijawahi kuvuta."

Mkwe aliangua kicheko, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. "Ni kweli, daktari, havuti! Ananusa! Muulize ugoro uko pindo lipi la kanga. Chumba chote alicholala kinapiga chafya."

Sijui kama damu inayovikimbia vidole inaweza kukimbilia usoni. Mimi niliisikia ikipanda. Ugoro niliuanza mwaka wa kwanza wa ujane, jioni, mlango ukiwa umefungwa, na niliamini hakuna mtu duniani anayejua. Daktari ameuliza kuvuta, nami nimejibu kuvuta. Jibu langu lilikuwa kamili kwa sarufi.

"Mama," daktari alisema kwa upole, "hata ugoro ni tumbaku. Tumbaku inaifunga mishipa hiyo hiyo. Nitakupa dawa ya kuifungua, lakini wewe jioni utakuwa unaifunga tena."

Kikopo cha ugoro nilikitoa, nikakiweka mezani kwake mimi mwenyewe. 

Kituoni, tukisubiri gari la kumrudisha mkwe ziwani, alinunua mahindi ya kuchoma mawili, akanipa moja. "Nilimchukua mtoto mikononi mwako," alisema akitazama barabara.

"Ulifanya vizuri."

"Nilifanya vizuri," alikubali. "Lakini ile sahani ya chumbani, ile haikuwa nzuri."

Majibu ya damu hayakuonyesha ugonjwa mwingine. Ninarudi kila mwaka kuangaliwa. Kidonda kilifunga baada ya miezi miwili na ncha ya kidole ni nyembamba kuliko wenzake. Ugoro niliacha, nikaurudia Desemba, nikaacha tena. Kahawa sasa anaosha kibarua, nami ninasimama kando na glovu za sufu ambazo mkwe alinitafutia kwenye mitumba. Ni nyekundu, zina michoro ya wanyama wenye pembe, na hakuna mjane Mbinga nzima mwenye glovu kama hizo. Watu huniuliza kama ninaendesha bodaboda.

Juni ya mwaka uliofuata, binti yangu, mkwe na mtoto walipanda kuja kunitembelea. Jumapili, tarehe 18, tulikwenda kanisani wote. Nilivua glovu ili kupokea komunyo, sikuzivaa tena kwa haraka, na tulipotoka nje ukungu ulikuwa bado haujapanda. Akina mama wa jumuiya walitukusanyikia kumtazama mjukuu, pamoja na wale wawili waliosema natoa amani kwa kichwa. Mtoto aliniona, akanyoosha mikono, akataka kuruka kutoka kifuani mwa mkwe kuja kwangu.

"Nenda kwa bibi yako," mkwe alisema, akamsogeza.

Vidole vilikuwa vyeupe, vinne huku na vitatu huku. Nisingesikia kama nimemshika sawasawa au anateleza. Kitenge kilikuwa tayari, begani, kama miaka yote. Ningeweza kuiingiza mikono ndani na kusema mtoto ana usingizi.

"Ngoja kwanza," nilisema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Niliinyanyua mikono mbele yao wote. "Vidole vyangu havina damu. Mishipa yake hujifunga kwa baridi. Ugonjwa huu hauambukizi, ila kwa sasa sisikii kitu, nitamwangusha."

 Nilizijua zile nyuso. Ndizo nilizokuwa nimezikimbia tangu mwaka 2018, na sasa zilikuwa zinaviangalia vidole vyangu kimoja kimoja. Niliona aibu kuliko siku ile ya Mbamba Bay. Niliipeleka mikono kwapani, nikasimama hivyo uwanjani mwa kanisa kama kuku aliyelowa.

Mmoja wa wale wawili, yule aliyecheka, alisogea. "Kumbe ndiyo maana," alisema, na hakumaliza.

"Ndiyo maana," nilisema.

Mtoto alianza kulalamika. Mkwe alimrusharusha na kumwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba bibi anapasha mikono moto, tusubiri kama tunavyosubiri chai. Mmoja akacheka, kisha wengine. Damu ilikuwa imeanza kurudi, inachoma, na macho yalinijaa machozi ambayo sikuweza kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa kwapani.

"Tayari?" mkwe aliuliza.

Nilichungulia chini ya kitenge, nikahesabu.

"Bado kimoja," nilisema, nao wakangoja.